Fundo la Ng'ombe kwenye Boti ya Walter

Haya nyie, sogeeni mbele. Na wale wa nyuma mnaogombania sambusa, sambusa hazina miguu, mtazikuta. Anayeelewa Kiswahili asikilize, asiyeelewa acheke wenzake wakicheka, atatafsiriwa kwenye gari wakati wa kurudi. Mwalimu wenu kaniomba nije kuwaeleza kazi niliyofanya nilipofika nchi hii. Nikamuuliza, mama, una siku ngapi? Akasema dakika ishirini. Nikamwambia dakika ishirini mimi huwa bado nasalimia.

Basi, mimi babu yenu Elia nilikuwa baharia. Mnacheka nini? Baharia kabisa, wa maji ya kiunoni. Pale Georgetown, nyuma ya yale maduka wanayouza shati moja kwa bei ya ndama, kuna mfereji wa zamani, uliochimbwa kwa sururu na majembe kabla babu yangu hajazaliwa. Unafuata mto Potomac kupanda mpaka huko milimani. Zamani boti zilishusha makaa ya mawe, zinavutwa na nyumbu wanaotembea kando. Nyumbu mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti. Nilipofika mimi, mwishoni mwa miaka ya tisini, makaa yalishasahauliwa. Kulikuwa na boti moja ya watalii, bado inavutwa na nyumbu, na kulikuwa na sisi wa kuziba matundu. Maji yenyewe hayana kina. Ukizama kwenye mfereji ule, jua umekataa kusimama.

Kazi nilipewaje? Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita. Lakini nimezaliwa Kilimanjaro, na sisi kule tuna mifongo, mifereji ya maji tunayoiteremsha toka msituni mpaka kwenye migomba. Mtoto wa kwetu kabla hajajua kusema anajua kuziba mfongo. Basi siku ya kuomba kazi akaletwa mzee mmoja Mweusi wa hapa hapa, mrefu, mikono mikubwa kama sinia za pilau, jina lake Walter. Ndiye aliyekuwa fundi wa sehemu ile ya mfereji, zaidi ya miaka arobaini. Akaniuliza, wewe unajua nini kuhusu mifereji? Nikamwambia, mzee, ukoo wetu ulichimba mfereji toka kilele cha Kilimanjaro mpaka Mombasa, barafu ilikuwa inafika haijayeyuka. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. Akasema, "Uongo wako mzuri. Udongo unajua kuukanyaga?" Nikavua viatu pale pale. Nikapata kazi.

Siku ya kwanza aliniaibisha. Ule mfereji una ngazi. Boti haiwezi kupanda kilima, kwa hiyo walijenga vyumba vya mawe, kila chumba kina milango ya mbao mbele na nyuma. Boti inaingia, unafunga nyuma yake, unaachia maji toka juu, chumba kinajaa, boti inaumuka kama andazi kwenye mafuta, halafu unafungua mbele inatoka ikiwa juu. Mlango mmoja ni mzito kama kanisa, na una boriti ndefu ya kusukumia. Walter akaniambia, fungua. Nikasukuma. Nikasukuma mpaka suruali ikapasuka, mishipa ya shingo ikanitoka, nikaona nyota mchana, na nyingine nikazitambua kwa majina. Mlango haukucheza hata unywele. Walter kakaa anakula mkate wake.

Alipomaliza akasema, "Mwanangu, maji ya huku na maji ya huku hayajalingana. Hapo hata tembo hasukumi." Akafungua vile vilango vidogo vya chini, tukasubiri. Maji yakalingana. Akageuka akaegemeza makalio kwenye boriti, kama mtu anayejikuna mgongo, na mlango ukafunguka wenyewe. "Mikono ni ya kulia chakula," akasema. "Mlango ni kazi ya makalio. Na ni kazi ya kusubiri."

Hiyo ichukueni bure. Mtu akikataa kufunguka, tazama kwanza kama maji yamelingana.

Akanifundisha majivu. Milango ya mbao inavuja siku zote. Sasa nyie mngepiga simu mtu aje na mashine. Walter alikuwa na pipa la majivu, anayapata kwa jirani yake mchoma nyama huko Temple Hills alikokuwa anakaa, anayachekecha mpaka yanakuwa laini kama unga wa uji. Mlango ukivuja, anachota ndoo moja, anayamwaga upande wa juu, polepole, karibu na mbao. Unayaona yanazunguka, yanasita, halafu yanaingia ndani. Baada ya muda kule chini kunakauka. Nikamuuliza, tundu lenyewe umeliona wapi? Akasema hajaliona na halitafuti. Maji yanalijua tundu. Wewe yape kitu cha kwenda nacho.

Mimi nami nikamfundisha yetu. Panya wa majini walikuwa wanachimba kwenye kingo, na tundu la leo asubuhi jioni ni mlango wa gari. Nikamwonyesha jinsi ya kukata bonge la nyasi na mizizi yake, unalipiga ndani kichwa chini, unakanyaga, unaongeza udongo wa mfinyanzi, unakanyaga tena unaimba. Kuimba ni lazima, la sivyo mguu unakuwa mvivu. Walter akakubali mpaka nyimbo. Mzee wa miaka karibu sabini, anakanyaga udongo Georgetown anaimba Kichaga, watalii wanatupiga picha. Nasikia picha zile ziko mpaka Japani, wanadhani ni dini.

Kitu kimoja tu hakunikubalia. Fundo langu.

Kwetu ng'ombe anafugwa zizini. Akitolewa nje anafungwa kamba fupi, pua karibu iguse kigingi. Ukimwachia hatua mbili tu, kala mgomba wa jirani, na kesi inafika kwa balozi wa nyumba kumi, na jirani mwenyewe ni shemeji yako. Na fundo lenyewe ni la kubana. Ng'ombe akivuta linakaza, akivuta linakaza, unakuja kulifungua kwa meno. Basi kila boti niliyofunga, niliifunga hivyo. Walter akifika anasimama juu ya kile kigingi, anainama, anatazama kulia, anatazama kushoto, ananiuliza, "Elia, ng'ombe yuko wapi?" Kila siku. Bosi wetu naye, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akiliona lile fundo anacheka. Hakuna mtu mwingine mfereji mzima aliyelijua.

Halafu Walter ananionyesha tena. Boti haiibi migomba. Maji yanapanda na kushuka, kwa hiyo boti unaiachia kamba ya mikono miwili, ilegee, ipate pa kwenda. Naitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Kesho yake ng'ombe yuko pale pale.

Sasa nisikilizeni, maana mpaka hapa nimekuwa nawachekesha tu.

Kulikuwa na boti ya kazi, ya mbao, ndefu, ya kubebea udongo na mawe. Walter alisaidia kuijenga akiwa kijana. Wakubwa walitaka kuleta ya bati. Walter akawaomba. Wakamwambia, sawa, itengeneze, mkaguzi atakuja Jumatatu fulani. Ikiwa nzima, boti itabaki na wewe utabaki kuitunza. Ikiwa mbovu, itavunjwa, na wewe, mzee, nenda ukapumzike. Majira mawili mazima ya baridi yule mzee alikuwa ndani ya ile boti, anabadilisha ubao mmoja mmoja, anaziba nyufa kwa katani na lami, na mimi nipo nashika taa na kusema. Kusema ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa. Walter alikuwa anasema, huyu ananipasha moto kuliko jiko.

Alikuwa amemwahidi mkewe, Miss Odessa, kwamba ikishapita ukaguzi atamzungusha Jumapili moja. Miaka arobaini yule mama hajakanyaga ile boti, eti inanuka matope. Safari hii alinunua mpaka kofia. Walter aliniambia habari ya ile kofia mara kumi kwa siku.

Ijumaa ya mwisho tukamaliza rangi. Ya kijani, inang'aa, unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Walter akasema, mimi naenda kwenye mlango wa chini kuyaachia maji haya, wa chini wanayahitaji kwa boti ya watalii. Huku yatashuka sana usiku. Funga boti, acha mikono miwili kila upande. Nikaitikia ndiyo mzee.

Sasa, jioni ile kulikuwa na sendofu Langley Park, sherehe ya kumuaga binti wa watu wa kwetu anayeolewa, na mshereheshaji ni nani? Mimi. Saa ya basi imefika. Na kulikuwa na upepo, boti ikilegea inakwenda inarudi, inajikwaruza kwenye ukuta wa mawe, rangi ile mbichi inatoka. Nikaona niiokoe rangi. Nikaivuta karibu, nikaifunga pua na mkia, fupi kabisa. Mafundo mawili ya ng'ombe. Nikakimbilia basi.

Kwenye sendofu nilichekesha watu mpaka bibi mmoja akaomba maji. Wanasema mpaka leo haijatokea sherehe kama ile. Niliwaeleza habari za Walter na pipa la majivu.

Asubuhi nikafika kazini. Maji yameshuka kiasi cha mkono mzima. Boti ile kamba hazikuiruhusu kushuka nayo. Ilibaki inaning'inia upande mmoja, ukingo umeshika jiwe, mpaka ikalala ubavu na maji yakaingia. Mbao tatu za pembeni zimevunjika, na ule mhimili wa katikati, ambao ndio uti wa mgongo wake, umepasuka. Walter alikuwa ameshafika. Ameshakata kamba, boti imekaa chini kwenye tope, na yeye amesimama humo maji yanamfika magotini, mkono ameuweka kwenye rangi ya kijani. Hakunitazama.

Bosi akaja. Akazunguka. Akauliza, "Nani alifunga hii boti jana?"

Walter akasema, "Mimi."

Hakungoja hata kidogo. Kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Bosi akanigeukia. "Elia, ulikuwepo?"

Wanangu, mdomo huu mnauona. Umeniharibia ubatizo, umeniharibia misiba, uliwahi kumchekesha polisi akasahau kuniandikia faini. Tangu nizaliwe haujawahi kukosa la kusema. Wakati ule nilikuwa nasubiri barua ya kazi, ndiyo itakayomwezesha bibi yenu kuja na mama zenu, wakiwa bado wadogo. Walter mwenyewe ndiye aliyembembeleza bosi aiandike. Nikaifikiria ile barua. Nikasema, "Niliondoka mapema, bosi."

Basi. Maneno yote niliyonayo, nikatoa hayo.

Bosi akatikisa kichwa, akasema mzee umri umefika, unaanza kusahau. Jumatatu mkaguzi hakusumbuliwa kuja. Boti ilivunjwa kwa misumeno wiki ile ile, na Walter akapewa keki, akapewa mkono wa kwaheri. Alipofika kwangu akaniambia, "Majivu yako kwenye pipa. Usiyaache yanyeshewe." Na kazi yake nikapewa mimi. Na ile barua ikaandikwa, na bibi yenu akaja, na nyie mko hapa mnakula sambusa.

Nilimhadithia Walter kila mahali. Kanisani, sokoni, kwenye basi. Walter na makalio, Walter na nyimbo za Kichaga. Nikimaliza watu wanafuta machozi ya kicheko, na mimi nanyamaza pale pale kabla ya Ijumaa ile. Nilikuwa nakaa Langley Park na jamaa mmoja wa Kongo, Kasongo, alikuwa anafagia hospitali. Yeye peke yake nilimweleza yote, siku homa imenishika nadhani nakufa. Nilipopona akawa hanipi raha.

"Weye Elia, unaendaka kumuona lini ule mzee?"

"Jumapili hii."

"Jumapili ilipita. Temple Hills ni mbali wapi? Ni mabasi mbili tu."

"Nasubiri maji yalingane, Kasongo."

"Maji gani? Weye unasemaka mchana yote, ila kitu ya maana hapana. Ule mzee hatangojaka miaka yote."

Nikawa na sababu. Jumapili hii mvua, Jumapili ile ibada ndefu, nyingine kofia. Ndiyo, kofia. Nilikuwa naifikiria kofia ya yule mama imekaa kwenye boksi, navua viatu tena. Ikapita miaka miwili na zaidi kidogo.

Mwisho Kasongo akaninunulia maua yeye mwenyewe, akanisukuma ndani ya basi kama mzigo. Njia nzima naipanga hotuba yangu. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, dereva aliisikia akapunguza mwendo. Nikabadilisha basi. Nikafika. Nyumba ndogo, ya matofali, baraza mbele. Akafungua mama mmoja mzee, mfupi, macho makali.

Nikasema, "Shikamoo mama," kwa Kiswahili, kwa hofu. Nikarekebisha. "Nimekuja kumwona Mzee Walter. Nilifanya naye kazi mferejini."

Akasema, "Umekosea njia kwa miezi miwili. Walter tumemzika."

Nikasimama na yale maua. Akanihurumia, akanikalisha barazani, akaniletea chai ya barafu. Na mimi mnajua nilifanya nini? Nikaanza kuhadithia. Nikampa nyumbu aliyekula kofia ya mtalii, nikampa makalio, nikampa nyimbo. Miss Odessa akacheka mpaka akajishika ubavu. Nikaona mlango wa kutokea. Ningeweza kunywa ile chai, nikaaga, nikaondoka mtu mwema.

Akafuta macho akasema, "Ulikuwa unamchekesha hivyo kila siku?"

Nikasema, "Kamba niliifunga mimi."

 Ile hotuba yote ikapotea, nikabaki na vipande. "Sio yeye, mama. Mimi. Aliniambia mikono miwili. Nikafunga fupi. Na nilipoulizwa nikasema niliondoka mapema."

Akainuka akaingia ndani. Nikajua amekwenda kumpigia mtu simu aje kuniondoa. Akarudi na kitu mkononi, akakiweka mapajani mwangu juu ya maua. Kipande cha kamba, kirefu kama mkono wangu, kimekatwa kwa kisu pande zote mbili. Katikati kuna fundo. La kubana. Halijafunguliwa.

Ndipo nikaelewa ile asubuhi. Nilidhani alikata kamba kwa sababu zimekaza. Alizikata ili bosi asilikute lile fundo kwenye kigingi. Angeliona tu, asingeuliza nani alifunga.

"Walter alisema mwenye ng'ombe akija, nimpe kamba yake," Miss Odessa akasema. "Tulikaa nayo hapa barazani. Gari likisimama nje ananiuliza, ni yule wa ng'ombe? Namwambia si yeye. Basi likipita, ni yule wa ng'ombe? Namwambia lala, Walter. Mwisho nikamwambia mwenyewe, huyo mtu alisharudi Afrika, ndiyo maana haji. Akaridhika kidogo. Akasema ni mbali, si kosa lake." Akanitazama. "Umerudi lini kutoka Afrika?"

Ningeweza kumjibu jana. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Nikasema, "Sikwenda, mama. Nilikuwepo tu. Nakaa Langley Park."

"Langley Park?" akasema Miss Odessa. "Basi Afrika ni karibu zaidi."